Mtoto anajenga nyumba ya vibao na wenzake? Usimkatize, hapo anasoma

Unamuuliza mwanao wa chekechea, "Leo mmesoma nini?" Anakujibu, "Tumejenga nyumba." Moyoni unawaza: kwa hiyo ada yote ile ni ya kucheza tu?

Subiri kwanza. Mwasisi wa chekechea, Mjerumani Friedrich Froebel, alianza kazi hiyo mwaka 1837, na vibao vya mbao vilikuwa kati ya vifaa vyake vikuu. Karne iliyofuata, mwalimu Caroline Pratt wa New York alibuni vibao vyenye vipimo vinavyolingana: vifupi viwili ni sawa na kirefu kimoja.

Anapata hesabu
Kibao kirefu kikikosekana, mtoto anaunganisha vifupi viwili. Hapo ameshakutana na nusu kabla hajajua kuiandika. Mnara ukianguka, anagundua kwamba kikubwa kinatakiwa kukaa chini.

Anapata lugha
"Weka juu." "Sio hapo, katikati!" Maneno haya yana kazi, maana mwenzake asipomwelewa, daraja halisimami.

Anajifunza kuishi na watu
Hili ndilo asilolipata akijenga peke yake. Vibao ni vichache, watoto watatu. Mmoja anataka msikiti, mwingine gereji. Wanabishana weee, mwisho wanakubaliana gereji ikae nyuma ya msikiti. Kuomba, kusubiri zamu, kukubali wazo la mwenzako: hayo huwezi kuyaandika ubaoni mtoto akayanakili.

Wewe ufanye nini nyumbani?
Huna haja ya kununua vya bei. Maboksi ya dawa ya meno yanatosha, au omba mabaki ya mbao kwa fundi seremala, yapigwe msasa vizuri. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 3, ondoa vipande vidogo vinavyoweza kumkaba.

Waite watoto wa jirani, kisha kaa pembeni. Usiwajengee. Uliza tu, "Gari litaingilia wapi hapa?" Wakianza kuzozana, usikimbilie kuamua. Wape dakika chache, mara nyingi wanamalizana wenyewe. Wakianza kurushiana vibao, hapo ingilia.

Na kesho akikuambia tena wamejenga nyumba, muulize: "Umejenga na nani, na imeanguka mara ngapi?" Utashangaa atakavyokuwa na mengi ya kukusimulia.