Breki kubwa si tiba ya mteremko wa Mai Mahiu

KATIKA maduka ya vipuri ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kalipa kubwa zilizopakwa rangi nyekundu au ya dhahabu ni miongoni mwa bidhaa zinazowavutia mno vijana wenye magari madogo. Kalipa ni kile chuma kinachozibana pedi dhidi ya diski ya gurudumu dereva anapokanyaga breki. Nyingi hung’olewa kutoka kwa magari ya kasi yaliyovunjwa ng’ambo, kisha hufungwa kwenye gari ambalo kazi yake ni kumpeleka mwenyewe ofisini, kuwashusha watoto shuleni na, Desemba ikiwadia, kubeba jamaa na mizigo hadi mashambani.

Wanunuzi wengi huamini kuwa breki kubwa hulisimamisha gari katika umbali mfupi zaidi. Aghalabu imani hiyo si kweli. Iwapo breki za kawaida zinaweza kuyakwamisha magurudumu yasizunguke, au kuuamsha mfumo wa ABS unaozuia hali hiyo, basi tayari zina nguvu zote ambazo tairi zinaweza kuzihimili. Kinachoshikana na barabara ni mpira wa tairi wala si diski. Dereva mwenye kalipa za mashindano na tairi zilizolika atahitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama kuliko mwenye Vitz iliyovishwa tairi mpya mvua inaponyesha.

Hata magari ya mbio za Safari Rally, ambazo zilirejeshwa katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, hayafuati imani hiyo. Magari ya daraja la juu kabisa hutumia diski za milimita 370 kwenye lami, lakini kwenye vumbi hufungwa diski za milimita 300 na rimu ndogo zaidi. Udongo haushiki tairi kama lami, hivyo nguvu ya ziada haina kazi ya kufanya.

Faida halisi ya diski kubwa ni kustahimili joto. Breki haziumezi mwendo wa gari ukatoweka, bali huugeuza kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,300 likisimamishwa kutoka kasi ya kilomita 100 kwa saa, breki hupokea takriban kilojuli 500 za nishati. Kasi ikiwa kilomita 50, kiasi hicho hupungua hadi robo, wala si nusu kama wengi wanavyodhani.

Mteremko nao una hesabu yake. Gari hilo hilo likishuka kimo cha mita 100, nishati inayopaswa kuzuiwa ili lisiongeze kasi ni karibu kilojuli 1,275. Hii ni sawa na kusimama ghafla kutoka kasi ya kilomita 100 mara mbili na nusu. Upepo na injini hubeba sehemu ya mzigo huo, lakini dereva anayeshuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu hupungukiwa na mamia ya mita za kimo, na akiwa na mguu juu ya breki muda wote, diski hazipati nafasi ya kupoa. Anayetoa gia ili kuokoa petroli huzitwika breki hata ule mzigo ambao injini ingebeba.

Joto likizidi, breki hushindwa kwa njia mbili, na ni muhimu dereva aweze kuzitofautisha. Katika ya kwanza, pedi hupita kiwango chake cha joto na kupoteza ukali. Kanyagio hubaki gumu kama kawaida, ila gari halipunguzi mwendo. Katika ya pili, mafuta ya breki huchemka. Mafuta hayo husukuma pistoni za kalipa kwa sababu hayabonyei, lakini mapovu ya mvuke hubonyea. Dereva hukanyaga na kanyagio huzama hadi sakafuni pasipo upinzani.

Njia hii ya pili ndiyo ya hila. Gari likishapoa, mvuke hurudi kuwa maji na kanyagio hupata uthabiti wake wa awali. Fundi akilikagua kesho yake huenda asione kasoro yoyote, na mwenye gari akaambiwa kwamba aliogopa bure.

Basi lililotumbukia katika Mto Nithi mnamo Julai 2022 na kuua zaidi ya watu 30 lilikuwa likiteremka kuelekea darajani, na maafisa wa serikali walieleza wakati huo kwamba breki zilionekana kufeli. Gari dogo halina uzito wa basi, lakini nalo halina breki za basi.

Chanzo cha mafuta kuchemka mapema ni maji. Mafuta ya kawaida ya breki hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzijoto 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Kwa DOT 4, viwango hivyo ni 230 na 155, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Aina hizi tatu zinaweza kutumiwa katika mfumo mmoja, lakini DOT 5 isiyo na nukta moja mbele yake ni ya silikoni na haifai kamwe kuchanganywa nazo.

Kwa hivyo, uboreshaji wa kwanza wa breki, na ulio rahisi kuliko yote, ni kuyamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya ya DOT 4 kutoka kwa chupa ambayo haijafunguliwa, kisha kurudia kila baada ya miaka miwili. Magari mengi ya humu nchini huingizwa yakiwa yametumika kwa takriban miaka saba, na si ajabu kukuta mafuta meusi kama chai ya rangi ambayo hakuna ajuaye yalitiwa lini. Kuongezea kidogo juu ya hayo, kama ilivyo desturi katika gereji nyingi, hakuondoi maji yaliyomo.

Pedi hufuata. Zile bandia husagika upesi na kushindwa na joto dogo. Hata hivyo, pedi za mashindano nazo ni hatari kwa gari la kila siku kwa kuwa huanza kushika vyema baada ya kupata moto. Asubuhi ya baridi kule Limuru, mtoto akikatiza barabara ghafla, hazitakuwa zimefikia hali hiyo. Vilevile, diski zilizotobolewa matundu hupendeza kwa macho, lakini nyufa huanzia kwenye matundu hayo.

Anayesisitiza kufunga kalipa kubwa hana budi kujua kuwa watengenezaji hupima mgao wa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Pistoni kubwa zaidi huhitaji mafuta mengi zaidi, na silinda kuu isipobadilishwa, kanyagio huzama mbali zaidi. Ya mbele yakipewa nguvu kupita kiasi, ya nyuma hubaki karibu bila kazi. Mgao ukigeuzwa upande wa pili, mambo huwa mabaya zaidi, kwani magurudumu ya nyuma yakikwama kwanza, gari huzunguka kama pia. Aidha, kalipa kuukuu huja na mipira kuukuu ndani yake, na isipobadilishwa, ile rangi mpya huwa inafunika mafuta yanayovuja.

Pedi mpya zikishafungwa, gari lisipelekwe mteremkoni siku hiyo hiyo. Dereva atafute barabara tulivu, apunguze mwendo kutoka kilomita 60 hadi 10 kwa saa mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha aendeshe dakika kadhaa pasipo kugusa breki ili zipoe. Akifika ukingoni mwa Bonde la Ufa, aingize gia ya tatu au ya pili kabla ya mteremko kuanza. Kwenye magari mengi yasiyo na klachi, gia hizo za chini huonyeshwa kwa L, 2 au B.