Mzee wa Lamu na neno "achia"

Lukenya iko kilomita 40 hivi kutoka Nairobi, kando ya barabara kuu ya Mombasa, na upepo wake haulali. Hutoka mbuga za Athi, ukalipiga jabali, ukageuka na kukurudia usoni. Kipindi cha kwanza cha podikasti yetu ya michezo ya miamba tulikirekodi pale pale chini ya mwamba, kwa simu moja na vinasa sauti viwili vya kubana kwenye kola. Tuliporudi mjini tukasikiliza, tulikuta dakika 50 za mvumo, na ndani yake maneno yakiibuka na kuzama. Tulikirusha vivyo hivyo. Msikilizaji wa kwanza kutuandikia, kijana wa Eldoret, alisema amerudia sehemu moja mara nne akitafuta jina la fundo tulilolitaja, na hakulipata.

Tulianza podikasti hii wawili, mimi na mwenzangu ambaye kazi yake ni kuongoza wageni huko Naivasha. Yeye alikuwa msikilizaji wa miaka mingi wa The Enormocast, podikasti ya miamba ya Mmarekani Chris Kalous iliyoanza mwaka 2011. Mimi nilishikwa zaidi na The Sharp End, ambamo Ashley Saupe alikuwa akiwapa nafasi watu waliopata ajali mwambani wajisimulie wenyewe, hatua kwa hatua, bila kujificha. Tulizisikiliza garini kila tulipokwenda kwenye majabali ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Tukifika tunashuka, tunavaa mikanda, na jambo moja likawa linanikera kila safari: vijana ambao wamepiga soga kwa Kiswahili na Sheng tangu Nairobi, wakishafunga kamba tu wanahamia Kiingereza. "Slack!" "Take!" Kana kwamba kamba haielewi lugha nyingine.

Sababu inajulikana. Mchezo wa miamba ulifika Kenya na Wazungu wa enzi za ukoloni. Mountain Club of Kenya iliundwa mwaka 1949, na njia nyingi za Lukenya na Hell's Gate zilifunguliwa na kupewa majina na wanachama wake. Waliorithi kamba walirithi na maneno. Sisi tulitaka mtoto wa Naivasha anayelitazama jabali la Fischer's Tower kila siku akipita na baiskeli asikie linavyokwewa, kwa lugha anayonunulia mkate.

Hapo ndipo tulipogundua kwamba maneno yenyewe hatuna. Nasema "hatuna" mimi na mwenzangu, watu wa bara. Tulikuwa tukisema "kupanda miamba" kwa vipindi vitatu mfululizo, mpaka mama mmoja wa Msambweni alipotutumia ujumbe wa sauti. Alisalimia, akauliza habari za familia zetu, kisha akasema kwa upole kwamba kwao mtu hupanda basi, hupanda mlima na hupanda mihogo, lakini anayeuparamia mnazi kwa mikono na miguu hukwea, naye huitwa mkwezi. Kaka zake wawili ni wakwezi. Kwa nini watu wa Nairobi wahangaike na neno ambalo msikilizaji anaweza kudhani ni kilimo?

Tuliusikiliza ujumbe ule mara mbili, tukanyamaza. Miaka yote hii pwani imekuwa na neno, na ina watu wanaokwea mita 20 juu ya ardhi kila siku ya kazi, wakiweka nyayo kwenye vipandio vilivyochongwa shinani, na sisi tulikuwa tukilikwepa kama halipo. Tangu kipindi cha nne tunasema kukwea. Mwanangu wa miaka saba sasa akiulizwa shuleni baba yake hufanya nini wikendi hujibu kwamba ni mkwezi, na mwalimu wake, Mdigo, alidhani nina shamba la minazi.

Malalamiko mengine yalikuwa ya pesa, na yalikuwa ya haki. Fundi mmoja wa Kisumu aliandika mstari mmoja tu: "Kipindi kizuri, lakini kinamaliza bando." Tulikaa tukapiga hesabu. Kipindi cha dakika 45 kikihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni megabaiti 43. Kikishushwa hadi kilobiti 64 na kuwekwa chaneli moja badala ya mbili, kinakuwa kama megabaiti 22, na sauti ya watu wawili wanaozungumza haipotezi kitu ambacho sikio litakililia. Muziki ndio ungeumia, nasi hatupigi muziki. Tulibadilisha usiku ule ule. Naamini watengenezaji wengi wa podikasti hapa kwetu hawajawahi kulifikiria jambo hili, kwa sababu wao wenyewe wana waifai ofisini.

Si kila ujumbe tuliutii. Watu kadhaa walitaka tueleze kwa undani namna ya kufika kwenye sehemu fulani za majabali ya Hell's Gate ambazo tumbusi wa Rüppell hutagia. Tulikataa, na tulieleza kwa nini: ndege akishtuliwa kiotani akaruka, yai linabaki juani. Wengine walikejeli lafudhi ya mwenzangu. Hao hatukuwajibu. Yupo pia bwana mmoja msomi aliyetushauri kwamba mambo ya kitaalamu yabaki kwenye Kiingereza ili watu wasije wakaumia. Huyo nilimjibu kwa ukali, na katika kumjibu nilijiona niko sahihi kabisa. Namtaja kwa sababu ya yaliyofuata.

Katika kipindi cha sita tulifundisha miito. Mkwezi akiwa juu na mwenzake akiwa chini ameshika kamba, wanaweza kutenganishwa na mita 30 za mwamba na wasionane. Kamba inapita kwenye kifaa cha breki kiunoni mwa aliye chini, naye mkono wake mmoja hautakiwi kuachana na kamba upande wa breki hata kwa sekunde moja, kwa kuwa mkono huo ndio uhai wa mwenzake. Mkwezi akitaka kamba ikazwe apumzike, ana mwito wake. Akitaka alegezewe apate kusogea, ana mwito wake. Kwa huo wa kwanza tulichagua "kaza". Kwa huo wa pili tulichagua "achia". Tulilipenda neno hilo: ni fupi, lina irabu tatu, linasikika.

Siku tatu baadaye ukaja ujumbe wa sauti kutoka Lamu. Sauti ya mzee, nyuma yake mtu akigonga mbao. Alisema amefanya kazi ya ubaharia kwenye majahazi tangu ujana wake, na kwamba mjukuu wake ndiye aliyemsikilizisha kipindi. "Wanangu," alisema, "hilo neno achia liondoeni. Ukiniambia kaza, nakaza. Ukiniambia legeza, nalegeza na mkono wangu uko pale pale kwenye kamba. Lakini ukiniambia achia, mimi naachia."

Mwenzangu aliona ana hoja. Mimi nilikuwa bado na moto wa yule msomi. Nilimwandikia mzee kwa adabu zote, shikamoo mbele na marahaba nikiisubiri nyuma, kwamba kwenye mchezo wetu kila mtu anaelewa achia maana yake ni kidogo tu, na kwamba mazoea yatalinyoosha neno. Alijibu kwa neno moja: "Haya."

Wiki mbili baadaye tulikuwa Lukenya na kundi la wageni. Binti mmoja wa chuo kikuu, aliyekuwa amesikiliza vipindi vyetu vyote na kufanya mazoezi na mwenzangu siku mbili, ndiye aliyenishikia kamba. Nilikuwa nimefika kama mita 12, mguu mmoja kwenye ufa, mkono ukitafuta shikio upande wa kushoto, na kamba ilikuwa imenibana. Nikapiga ukelele: "Achia!" Akaachia. Aliinua mkono wake wa breki, mkono ule ule, kwa sababu ndicho nilichomwambia. Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yake kama hatua moja. Aliudaka mkia wa kamba na kuung'ang'ania. Sikuanguka. Nilikuwa bado nimeshika mwamba, na kwa sekunde zile hapakuwa na kitu kingine kilichonishika.

Niliposhuka binti alikuwa analia, akiomba msamaha. Hakuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa limerekodiwa, limehaririwa na kupelekwa kwenye simu za watu nisiowajua.

Gazeti likikosea, kesho yake kuna ukurasa mwingine. Podikasti haiko hivyo, na wasiofanya kazi hii pengine hawalijui hili. Ukibadilisha faili kwenye hifadhi, atakayepakua leo atapata sahihi, lakini aliyepakua mwezi uliopita anabaki na lile la zamani kwenye simu yake mpaka atakapolifuta. Na wengi hawasikilizi kwa mpangilio; anayeanza leo huenda akaanzia kipindi cha sita kwa sababu ndicho chenye kichwa cha habari cha miito. Kwa hiyo hatukuchagua njia moja. Tulilirekodi upya lile fungu na kulibandika mahali pa lile la awali. Tuliandika onyo kwenye maelezo. Kisha kipindi kilichofuata tulikianza kwa kusimulia ajali ile ambayo haikutokea, mimi mwenyewe, hatua kwa hatua, pamoja na jibu nililompa mzee. Tuliwaomba wenye faili la zamani walifute. Tumekuwa tukirudia ombi hilo mwanzoni mwa kila kipindi tangu siku ile, na tutaendelea.

Mzee nilimpigia simu. Hakunikumbusha lolote. Aliuliza kama binti ameshika kamba tena, nami nikamwambia ameshika, Jumamosi iliyofuata, na mwito ulikuwa legeza.

Baada ya hapo nilianza kuzisoma barua kwa sikio jingine. Ilipokuja ya mwalimu mstaafu wa Mombasa kuhusu Mlima Kenya, sikutafuta namna ya kujitetea. Tulikuwa tumesimulia jinsi Halford Mackinder alivyofika kilele cha Batian, mita 5,199, mwezi Septemba 1899 akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel, waongozaji kutoka Courmayeur huko Italia. Na jinsi ilivyopita karibu miaka 30 kabla kilele hicho hakijafikiwa tena, na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris, mwaka 1929. Mwalimu aliuliza: kamba za Mackinder zilifikaje huko juu? Msafara ule ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai 2. Watu 170, na podikasti ya Kiswahili imetaja Wazungu watatu. Hata vilele vyenyewe, aliendelea, vimebeba majina ya Kimaasai, Mbatian na Nelieng na Lenana, ambayo Mackinder aliyachukua kwa malaibon, viongozi wa kiroho wa Wamaasai, nasi tulipita juu yake bila kusimama.

Tulirudi tukatengeneza kipindi kizima juu ya mizigo. Nani aliibeba, kupitia msitu gani wa mianzi, kwenye baridi gani kwa watu waliozaliwa kando ya bahari. Tulimalizia na Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera ya Kenya kilele cha Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963. Ndicho kipindi kilicholeta ujumbe mwingi kuliko vyote, na karibu nusu yake iliandikwa na wapagazi wa Naro Moru na Chogoria, watu wanaobeba mizigo mlimani hadi leo na ambao sikuwa nimewaza kwamba wanatusikiliza wakiwa njiani.

Mwezi uliopita tulirudi Lukenya kuyajaribu maneno. Mwenzangu alikwea hadi mwisho wa kamba, mimi nikabaki chini na kinasa sauti, na tukapigiana kelele kwa saa nzima upepo ukiwa umechachamaa. Hofu yetu ilikuwa kwamba kaza na legeza yote yanaishia na "za", na upepo hula mwanzo wa neno. Lakini legeza lina silabi tatu na mkazo wake uko katikati, na hata lilipofika limekatika niliweza kuzihesabu. Tulikubaliana pia kutanguliza jina la mwenzako kabla ya mwito, kwa maana mwisho wa juma pale kunakuwa na makundi matano yanayopiga kelele kwa wakati mmoja.

Rekodi ile tulimtumia mzee wa Lamu. Alisema kaza amelisikia, legeza amelisikia, na kwamba huyo aliye juu anapumua vibaya, apunguze sigara. Mwenzangu havuti, ulikuwa ni upepo. Kisha akauliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: aliye juu ni mkwezi, sawa, na huyu wa chini aliyebeba roho ya mwenzake mkononi, mnamwitaje?

Swali tulilipeleka kwa wasikilizaji. Hadi jana jioni walikuwa wameleta majina 11. Mama wa Msambweni anataka mshikizi. Mwenzangu anapigania mdhamini. Binti wa chuo kikuu ameandika kwamba yeye ni mshika kamba, na halioni tatizo la neno hilo. Jumamosi tutayapigia kelele yote 11 pale Lukenya, upepo ukishapanda.