Safisha Kivinjari Kabla Hujalipa kwa Kompyuta

Unawasha kompyuta ya nyumbani ulipe bili, unapata ukurasa wa kwanza umebadilika, matangazo yamejaa na kila ukitafuta kitu unapelekwa kwingine. Wengi hulaumu intaneti. Mara nyingi ni viendelezi, vile vijiprogramu vinavyokaa ndani ya kivinjari. Huingia siku mtu amepakua gemu ya bure, ama amebonyeza "Kubali" bila kusoma.

Sisi watu wa malipo tunajali kwa sababu moja. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote kinaweza kuona nenosiri na namba ya kadi unazoandika. Kinaweza pia kubadilisha namba ya paybill unayoiona kwenye ukurasa. PIN unayoweka kwa simu hakiioni, lakini haikusaidii kama unalipa mtu tofauti. Soma jina la anayelipwa kwenye simu kabla ya kuweka PIN, kila mara.

Kukitoa ni rahisi. Kwenye Chrome, andika chrome://extensions pale juu pa anwani. Edge ni edge://extensions, Firefox ni about:addons. Chochote usichokumbuka kuweka, bonyeza Ondoa. Usikizime tu.

Shida ni kikirudi kesho yake. Huenda programu iliyokileta bado iko kwa Windows; itafute kwenye orodha ya programu, uitoe, kisha uwashe mashine upya. Ama kimetoka mbali: uliingia Chrome kwa Gmail yako kwa saiba pale Moi Avenue, ukawasha usawazishaji, ukasahau kutoka. Kilichowekwa kule kinakufuata hadi Kangemi. Fungua akaunti yako ya Google, angalia orodha ya vifaa, na utoe kile cha saiba.

Ukiona kiendelezi hakina kitufe cha kuondoa, na kivinjari kinasema kinasimamiwa na shirika lako wakati laptopu ni yako mwenyewe, peleka kwa fundi unayemwamini.

Nenosiri badilisha baada ya kusafisha, sio kabla. Ukibadilisha mapema unakipatia jipya.

Na kama tayari umeona muamala usioujua, haya yote yangoje. Tupigie kwanza, kwa namba iliyo ndani ya programu yetu ya simu, sio ile utakayotafuta kwenye kompyuta hiyo hiyo.