BETRI HAIFI KWA KAZI, HUFA KWA KULALA

Hapa kwetu Kibugu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, kipupwe hakina mzaha. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka, manyunyu hayaishi na njia za mashambani huteleza kama sabuni. Wenye pikipiki za nyumbani huzilaza stoo. Mjomba wangu hufanya kazi Nairobi, na yake huniachia mimi niitunze. Si kazi ya mchezo, kwani mgonjwa akizidiwa usiku hiyo ndiyo ya kumfikisha Embu mjini.

Wengi hudhani betri iliyopumzika huamka na nguvu zaidi. La hasha! Betri ya kawaida ya pikipiki ni ya volti 12, na ndani yake mna vyumba 6 vyenye bamba za risasi ndani ya asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Mfaransa Gaston Planté ndiye aliyebuni betri ya namna hii mwaka wa 1859. Hiyo betri hupungua yenyewe pole pole hata pikipiki ikiwa imezimwa; yenye alamu hupungua upesi zaidi. Inapopungua, salfeti ya risasi hushika bamba kama ukoga unavyoshika meno. Ikiwa bado changa, chaji huiondoa. Ikikaa miezi hugeuka ngumu, na hapo betri ndiyo basi tena.

Uzunguni, ambako pikipiki hulazwa wakati wa theluji, betri iliyoisha chaji yaweza hata kuganda na kupasuka. Sisi hatufiki huko, lakini dawa ni ile ile: betri ilale ikiwa imejaa. Mimi hufanya hivi:

1. Naosha pikipiki, naikausha na kupaka mnyororo oili. Naisimamisha kwa stendi kubwa ili matairi yasibonyee.

2. Nafunga bomba la petroli na kuacha injini iungurume hadi izime yenyewe, ili petroli isigande ndani ya kabureta.

3. Nafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Wakati wa kurudisha, chanya hutangulia.

4. Naweka betri mahali pakavu, mbali na watoto na jiko. Kama ina vifuniko vya kufunguliwa, naongeza maji yaliyotoneshwa hadi kwenye alama; ya mferejini yana chumvi. Iliyofungwa kabisa haiguswi.

5. Kila mwezi naipeleka kwa fundi wa jua kali aipime. Volti 12.6 na zaidi imejaa. Ikishuka hadi 12.4 inataka chaji. Chini ya 12 iko taabani. Chaji iwe ya taratibu, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 5 ipewe nusu ampea. Inapochajiwa hutoa haidrojeni, kwa hivyo sigara na kibiriti marufuku!

6. Nafunika pikipiki kwa shuka kuukuu wala si karatasi ya nailoni, ambayo hufungia unyevu ndani. Mbolea pia siiweki karibu, maana huleta kutu.

Kuna wanaowasha injini dakika mbili kila wiki wakidhani wanachaji. Jamani, stata hula umeme mwingi kuliko unaorudi kwa muda huo mfupi.

Isitoshe, betri iliyokufa haiishi tu. Risasi yake ni sumu. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa mwaka wa 2014 baada ya risasi kuwadhuru wakazi, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirejesha uamuzi wa kuwalipa shilingi bilioni 1.3. Kila betri inayodumu mwaka mmoja zaidi ni sumu kidogo iliyocheleweshwa, na pesa zilizobaki mfukoni mwa mzazi. Kwa hivyo ukirudi nyumbani likizo ya Agosti, kabla ya kuuliza chakula kiko wapi, uliza betri ilipimwa lini.