Mwigizaji Aliyetaka Kujiandikia Kazi

Walio nyuma na wasogee mbele kidogo wapate kusikia vizuri. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: mwigizaji, mtungaji, mhusika.

Mwigizaji ni mtu anayejifanya mtu mwingine mbele ya watazamaji. Mtungaji ni yule aliyekaa na kalamu akaandika maneno ambayo mwigizaji atayasema. Na mhusika ni yule mtu wa ndani ya mchezo, ambaye hayupo duniani mpaka mtungaji amwandike na mwigizaji ampe sauti.

Tumeanza na maneno hayo kwa sababu ya swali la mwanafunzi mmoja. Anauliza hivi: “Wale watu wanaotuchekesha katika televisheni, maneno yao wanayatoa wapi? Je, huyatunga palepale, au yupo mtu anayewaandikia?” Jibu ni kwamba mara nyingi yupo anayewaandikia. Naye mara nyingine ni mwigizaji aliyechoka kungoja kuitwa kazini. Leo tutasema habari za mmoja wa watu hao, Mwingereza aliyeitwa Jimmy Perry.

Perry alizaliwa tarehe 20 Septemba 1923 huko Barnes, London. Baba yake alikuwa mfanya biashara ya vitu vya kale. Kijana hakupenda shule hata kidogo. Siku moja alimwambia baba yake kwamba yeye hana haja ya vyeti, kwa maana atakuwa nyota wa sinema, au mchekeshaji mkubwa. Baba akamjibu kwamba yeye ni mtoto mjinga. Yashikeni maneno hayo, tutakutana nayo tena.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Perry alikuwa bado mdogo kuingia jeshini. Tarehe 14 Mei 1940 waziri wa vita wa Uingereza, Anthony Eden, alisema katika redio kwamba serikali inataka wanaume wa miaka 17 mpaka 65, wasiokuwa jeshini, wajitolee kuilinda nchi yao, maana Wajerumani walikuwa wakishuka kwa miavuli katika nchi za jirani. Siku chache tu zikapita, watu kama robo milioni wakawa wamejiandikisha. Bunduki hazikutosha. Wengine walifanya kwata na vijiti vya mifagio, na wengine walileta bunduki zao za kuwindia ndege. Kikosi hicho ndicho kilichoitwa Home Guard. Wasikilizaji wa Kenya msichanganye jina hilo na homugadi wa miaka ya 1950. Hao ni wengine kabisa, na habari yao ni nyingine.

Perry alijiunga na kikosi hicho katika mji wa Watford. Mama yake alikuwa na wasiwasi mwingi, mtoto wake kukesha nje usiku katika baridi. Katika kikosi hicho alikuwamo mzee mmoja aliyepigana Sudan mwaka 1898, naye hakuchoka kuwasimulia vijana vita vile vya zamani na jinsi adui asivyopenda ncha ya singe. Perry alisikiliza, akacheka, akayaweka moyoni.

Baadaye aliitwa katika jeshi lenyewe, akawa mpiga mizinga. Akapelekwa India na Burma, akafika cheo cha bombadia. Nadhani wako kati yenu ambao baba zao au babu zao wa Keya walikwenda huko Burma pia. Kule India, katika kambi ya Deolali, Perry alikuwa katika kikundi cha askari wenye kazi ya kuwachezea wenzao michezo na nyimbo. Jeshi la Afrika Mashariki nalo lilikuwa na kikosi chake cha burudani, na Fundi Konde, yule mpiga gitaa mashuhuri wa Kenya, alikuwamo.

Vita ilipokwisha, Perry alisoma uigizaji katika chuo kikubwa cha London, RADA. Wakati wa likizo alifanya kazi ya kuwachangamsha wageni katika kambi za mapumziko za Butlin's, amevaa koti jekundu. Kisha yeye na mkewe Gilda waliendesha jumba la michezo la Watford kwa miaka mingi. Hiyo ni kazi ya jasho. Wiki hii wachezaji wanacheza mchezo mmoja na huku wanajifunza mwingine wa wiki ijayo.

Basi tumefika mwaka 1967. Perry ana umri wa miaka 43, na bado si nyota. Hupata kazi ndogo ndogo: maneno mawili hapa, matatu pale. Alikuwa akicheza katika jumba la Bibi Joan Littlewood huko Stratford, mashariki ya London. Mwigizaji wa namna hiyo hungoja simu kama mkulima angojavyo mvua. Perry akawaza: ikiwa hakuna anayeniandikia sehemu nzuri, kwa nini nisijiandikie mwenyewe?

Lakini aandike nini? Siku moja aliwatazama askari wa malkia wakipokezana zamu huko London, wamenyooka, viatu vinang'aa. Akakumbuka kikosi chake cha Watford, na vile vijiti vya mifagio. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita na watu walikuwa karibu kuisahau Home Guard.

Hapo tena kuna jambo la ufundi, sikilizeni vizuri. Alitazama sinema moja ya kuchekesha ya mwaka 1937, iitwayo Oh, Mr Porter!, ya Will Hay. Ndani yake mna watu watatu: mtu wa makamo mwenye kujiona, mzee sana, na kijana. Perry aliona kwamba kicheko kinatoka katika umri wao. Mkubwa anatoa amri, mzee hasikii vizuri, kijana hajui kitu. Waweke watu watatu wa namna hiyo mahali popote, hata katika duka la ushirika, na utapata mchezo.

Wakati huo alikuwa amepata sehemu ndogo katika mchezo wa televisheni wa BBC uliosimamiwa na David Croft. Akampa Croft karatasi zake. Croft naye alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyefika India, alisoma, akapenda. Mkubwa wa michezo ya kuchekesha, Michael Mills, akaubadili jina ukaitwa Dad's Army, yaani Jeshi la Baba. Tangu hapo Perry na Croft wakaandika pamoja.

Sasa angalieni jinsi maisha yalivyoingia katika karatasi. Mkuu wa kikosi, Kapteni Mainwaring, ni meneja wa benki mwenye kujiona, na kila kijana Pike anapokosea humwambia kwamba ni mtoto mjinga. Maneno ya nani hayo? Ya baba yake Perry. Kijana Pike mwenyewe ana mama mwenye wasiwasi, anayemfunga skafu shingoni asipate mafua. Yule mzee wa Sudan amekuwa Koplo Jones, muuza nyama.

Walakini katika kikosi hicho alikuwamo pia Walker, mwuza magendo, mwerevu wa maneno. Sehemu hiyo Perry aliiandika kwa ajili yake mwenyewe. Ndiyo iliyomfanya ashike kalamu. Croft na Mills wakakataa. Walisema mtungaji akiwa pia mchezaji, wenzake watadhani amejiwekea maneno matamu yeye. Tena anatakiwa akae nje, atazame kazi yote. Walker akapewa James Beck. Perry aliumia, wala hakuficha kwamba aliumia. Alipata kuonekana mara moja tu, mwaka huo wa kwanza, katika sehemu ndogo ya mchekeshaji wa jukwaani. Mimi naona Croft alikuwa na haki, ila ningekuwa Perry nisingelala usiku ule.

Si hivyo tu. Wako wakubwa wa BBC walioogopa kwamba watu watasema vita inadhihakiwa. Jambo hilo lilikuwa zito, kwa maana watazamaji wengi walikuwa na wafu wao. Lakini tazameni ni nani waliocheza. Arnold Ridley, aliyekuwa mzee mpole Godfrey, alijeruhiwa vibaya katika vita ya Somme mwaka 1916. (Naye, kwa bahati, ni mwigizaji aliyegeuka mtungaji: ndiye aliyeandika mchezo mashuhuri The Ghost Train.) Clive Dunn, aliyecheza mzee Jones akiwa bado hajafika miaka 50, alikuwa mateka wa Wajerumani kwa miaka minne. Watu hao hawakuicheka vita kwa kutoijua. Mchezo ulianza tarehe 31 Julai 1968, ukaendelea mpaka Novemba 1977, sehemu 80 kwa jumla, na katika kilele chake watazamaji walifika milioni 18.

Mwaka 1974 mchezo huo uliletwa katika redio, na hapa ni mahali petu. Waliogeuza karatasi za televisheni kuwa za redio walikuwa Harold Snoad na Michael Knowles. Knowles naye ni mwigizaji. Kazi yao ilikuwaje? Chukueni mfano wetu wenyewe. Katika televisheni mtungaji huandika: “Juma anaingia, amelowa mvua.” Basi, watu wataona. Katika redio hakuna anayeona. Lazima mkewe aseme: “Ee Juma, mbona unachuruzika maji mpaka kwenye mkeka?” Hapo msikilizaji amejua mvua, amejua mkeka, amejua na hasira ya mke.

Perry na Croft waliendelea. Ile kambi ya Deolali ikawa It Ain't Half Hot Mum, tangu 1974 mpaka 1981. Mchezo huu umelaumiwa sana, kwa sababu mhusika mmoja mkubwa wa Kihindi alichezwa na Mwingereza aliyepakwa rangi usoni. Perry aliutetea hadi uzeeni, akisema ndivyo kambi ilivyokuwa. Mimi sioni kwamba jibu hilo latosha. Kambi ilikuwa na Wahindi wa kweli. Zile kambi za mapumziko nazo zikawa Hi-de-Hi!, tangu 1980 mpaka 1988, na koti jekundu likageuzwa la manjano.

Mwaka 1971 Perry alipewa tuzo ya Ivor Novello kwa wimbo wa kufungulia Dad's Army, ambao maneno yake aliyatunga yeye. Mwaka 1978 yeye na Croft walipewa nishani ya OBE. Mwaka 2002 alitoa kitabu cha maisha yake, na jina alilokipa ni A Stupid Boy, yaani Mtoto Mjinga. Alifariki tarehe 23 Oktoba 2016, mwenye umri wa miaka 93.

Kazi ya nyumbani ni hii. Mkumbukeni mzee mmoja mliyemjua utotoni, aliyekuwa na neno lake la kila siku. Andikeni mistari minne: mzee anasema neno lake, kijana anamjibu. Msiandike kwamba mzee amekasirika. Andikeni maneno yatakayotuonyesha hasira yake. Jumatano ijayo mwalimu atachagua wawili wasome kwa sauti darasani, mmoja awe mzee, mwingine kijana. Kwaherini.