Stroberi: shingo isizikwe

Mche wa stroberi ukifa wiki chache baada ya kupandwa, lawama huangukia muuza miche, jua, hata jirani mwenye kijicho. Mara nyingi tatizo ni sentimita mbili tu za udongo.

Ushike mche mkononi uutazame. Kati ya mizizi na majani pana kifundo kifupi, kigumu, mfano wa shingo. Hapo ndipo majani, maua na marando yote huchipukia. Shingo hiyo ikae sawasawa na uso wa udongo: mizizi yote ndani, chipukizi la katikati nje. Ukiifukia, chipukizi huoza. Ukiiacha juu mno, mizizi hukauka. Mwagilia, kisha rudi uangalie tena, maana tuta jipya hushuka.

Zao hili linapenda ubaridi, ndiyo maana linakubali Limuru na Lushoto. Kwa joto la Mombasa utavuna zaidi majani, na sioni sababu ya kumdanganya mtu wa pwani. Udongo uwe na samadi iliyooza vizuri, usituamishe maji, wenye pH ya 5.5 hadi 6.5. Epuka palipotoka nyanya, viazi au biringanya, kwani upo mnyauko unaoshambulia mazao haya yote na kubaki ardhini kwa miaka. Acha sentimita 30 hivi kati ya mche na mche, na utandaze nyasi kavu ili tunda lisilale kwenye tope. Asiye na shamba atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa chini.

Maua ya mwanzo yang'oe, ingawa roho inauma, mche upate kushika mizizi. Marando nayo yakate, ila machache unayotaka yawe miche: yabane kwenye kopo la udongo, yakishika ndipo uyatenganishe na mama.

Wengi huniuliza kuhusu matunda yaliyopinda. Vile vipunje vya juu ndivyo matunda yenyewe kibotania, na kila kimoja kikichavushwa huifanya nyama iliyo chini yake ivimbe. Upande ambao haukupata chavua hubaki umesinyaa. Basi usipulize dawa ya wadudu wakati wa maua, utawaua nyuki.

Chuma asubuhi, pamoja na kikonyo, tunda likiwa jekundu lote. Likishachumwa haliongezi utamu, hata ukiliweka dirishani siku tatu.