Eneo la 13: kiti kilichoamuliwa kabla ya siku ya kura

Alhamisi ya Novemba 6, 2008 ilikuwa sikukuu nchini Kenya. Rais Mwai Kibaki alikuwa ameitangaza kwa sababu Barack Obama, mtoto wa Mluo kutoka Nyanza, alikuwa ameshinda urais wa Marekani. Siku hizo jina la Kogelo, kijiji cha baba yake, lilitajwa kila pembe ya dunia. Mahali Obama alipoanzia siasa hapakutajwa sana: Eneo la 13 la Seneti ya jimbo la Illinois, kusini mwa jiji la Chicago. Tulipaswa kupachunguza tangu wakati huo, kwa kuwa historia ya kiti hicho inaonyesha wazi jinsi mshindi anavyoweza kupatikana kabla kura ya kwanza haijatumbukizwa sandukuni.

Seneti ya jimbo si ile ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na yote isipokuwa la Nebraska yana mabaraza mawili, la juu likiitwa seneti. Humo ndimo zinamotungwa sheria za shule, polisi, kodi za jimbo, makosa ya jinai na hata za uchaguzi wenyewe. Illinois ina maeneo 59 ya useneta. Kwa sensa ya mwaka 2020, kila eneo lina takriban watu 217,000, na ndani yake mna viti viwili vya baraza la wawakilishi. Vikao hufanyika Springfield, zaidi ya kilomita 300 kutoka Chicago.

Usawa huo wa idadi ya watu ulipiganiwa mahakamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kaunti ya Los Angeles yenye watu takriban milioni 6 ilikuwa na seneta mmoja tu katika seneti ya California, sawa na eneo la milimani lenye watu elfu 14 na ushei. Katika jimbo la Alabama, kaunti ya Jefferson yenye jiji la Birmingham na watu zaidi ya 600,000 ilikuwa na seneta mmoja, na Lowndes yenye watu takriban 15,000 nayo ilikuwa na wake. Katika Lowndes hiyo Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu mara kadhaa, lakini hadi kuingia mwaka 1965 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameandikishwa kupiga kura. Juni 15, 1964, katika kesi ya Reynolds dhidi ya Sims, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Earl Warren iliamua kwamba viti vya mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo vigawanywe kwa kufuata idadi ya watu. Sioni uamuzi mwingine uliobadilisha mabunge ya majimbo kiasi hicho.

Hata hivyo, kulinganisha idadi ya watu hakukumhakikishia mpiga kura nafasi ya kuchagua. Turudi Chicago.

Mwaka 1995 kiti cha Eneo la 13 kilikuwa cha Alice Palmer, msomi na mwanaharakati aliyeheshimiwa sana katika mitaa ya Hyde Park na South Shore. Mwaka huo Mel Reynolds, mbunge wa sehemu hiyo katika bunge la taifa, alijiuzulu baada ya kutiwa hatiani kwa makosa ya kingono, na Palmer akajitosa kuwania nafasi yake. Aliyetaka amrithi Springfield alikuwa wakili wa miaka 34, mhadhiri wa sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago, Barack Obama. Obama alipotangaza nia yake Septemba 1995, Palmer mwenyewe alisimama kumtambulisha kwa watu.

Mambo yakageuka Novemba 28. Katika mchujo wa kiti cha ubunge, Palmer alishika nafasi ya tatu nyuma ya Jesse Jackson Jr. na Emil Jones. Wafuasi wake wakamhimiza arejee kwenye kiti chake cha zamani, na wazee wa siasa za mtaa wakamwendea kijana wakimwomba ampishe. Obama akakataa: alikuwa amekwisha kuingia, amekusanya sahihi, na neno alilopewa lilikuwa neno.

Sheria ilimtaka kila anayewania mchujo awasilishe sahihi zisizopungua 757 za wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo. Watu wa Palmer walizikusanya mbio mbio kwa siku chache, wakapeleka 1,580 siku ya mwisho. Ukitazama juu juu, zilikuwa zaidi ya maradufu. Ndipo kambi ya Obama ilipokwenda kwenye ofisi za tume ya uchaguzi ya Chicago na kuanza kulinganisha kila mstari na daftari la wapiga kura. Huyu ameandika jina kwa herufi za chapa badala ya kutia sahihi yake. Huyu amehama na anwani yake mpya haimo daftarini. Mwingine anaishi ng'ambo ya mpaka wa eneo, na yule jina lake lilifutwa daftari liliposafishwa hivi karibuni. Sahihi halali za Palmer zikashuka chini ya zile 757, akajiondoa. Wapinzani wengine watatu nao wakaenguliwa kwa njia hiyo hiyo.

Machi 19, 1996 Obama alipita mchujo bila kupingwa. Novemba alipata takriban asilimia 82 ya kura, katika eneo ambalo tiketi ya Democratic ilikuwa ndiyo ushindi wenyewe.

Siandiki haya kumshusha Obama. Alifuata sheria iliyokuwepo, tena sheria yenye maana: bila masharti ya sahihi, majina ya kubuni yangejaa kwenye karatasi ya kura. Lakini nawafikiria wakazi wa Hyde Park, South Shore na Chicago Lawn. Walikuwa na seneta mzoefu waliyemfahamu na kijana mwenye kipaji waliyeanza kumfahamu, na mizani ya kuwapima wawili hao ilipaswa kuwa mikononi mwao. Ni haki gani anapata mpiga kura anayeambiwa kwamba sahihi aliyotia haihesabiki kwa kuwa alihama nyumba? Kasoro ya namna hiyo mtu angepewa siku chache airekebishe. Badala yake ilimpokonya chaguo yeye na jirani zake wote.

Tazama sasa waliokikalia kiti hicho kwa kufuatana. Palmer aliingia mwaka 1991 baada ya Richard Newhouse kustaafu, na aliteuliwa na viongozi wa Democratic wa wadi za eneo hilo, kwa kuwa sheria ya Illinois inakipa chama cha seneta anayeondoka kazi ya kujaza nafasi. Obama aliingia kama tulivyoona. Alipochaguliwa kwenda Seneti ya Washington mwaka 2004, viongozi wa wadi walimteua Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul alipochaguliwa kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo mwaka 2018, wakamteua Robert Peters, aliyeapishwa Januari 2019. Maseneta wanne mfululizo: watatu waliingia kwa kuteuliwa, na wa nne aliingia baada ya wapinzani wake wote wa mchujo kuondolewa. Walirudi kwa wananchi baadaye kuomba kura, ni kweli, lakini aliyekwisha kukaa kitini huomba akiwa na jina, ofisi na wafadhili.

Kisha kuna mipaka. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema vyama vikishindwa kukubaliana kuhusu ramani mpya baada ya sensa, hatimaye majina mawili huwekwa pamoja, moja la kila chama, na moja huchotwa. Waliotunga kifungu hicho walitumaini kwamba hofu ya bahati nasibu ingewalazimisha wanasiasa kupatana. Hawakupatana. Mwaka 1981 bahati iliwaangukia Democratic, 1991 Republican, na Septemba 2001 Democratic tena. Ramani ya 1991 iliwapa Republican udhibiti wa seneti kwa miaka 10, na Obama alitumikia miaka yake sita ya kwanza akiwa katika chama cha wachache. Alipitisha machache, ikiwemo sheria ya maadili ya mwaka 1998.

Ramani mpya ilipochorwa mwaka 2001, Obama alikaa na mtaalamu wa chama mbele ya kompyuta na kulichora upya eneo lake. Hyde Park ilibaki, lakini eneo likanyooshwa kaskazini kando ya Ziwa Michigan hadi katikati ya jiji, kwenye baadhi ya mitaa yenye matajiri wakubwa wa Chicago. Weusi walibaki kuwa wengi, lakini sasa palikuwa pia na wafadhili ambao mgombea wa ngazi ya taifa anawahitaji. Mwaka 2002 alirudi bila mpinzani, na chama chake kikatwaa seneti. Mwaka 2003 sheria zikaanza kupita: polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji, na kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani ili ubaguzi uonekane kwa takwimu. Mtu ni yule yule, hoja ni zile zile. Kilichobadilika ni mistari kwenye ramani. Sheria hizo zilikuwa njema na zilistahili kupita. Hilo halinifanyi niridhike na mwanasiasa kujichagulia wapiga kura wake.

Sisi tunalijua jambo hili kwa karibu. Tanzania wamezoea kusikia wagombea wakienguliwa kwa kasoro za fomu na wengine wakipita bila kupingwa. Kenya, mgombea huru wa useneta anadaiwa sahihi 2,000, na za ubunge ni 1,000. Kwa sensa ya 2019, seneta wa Nairobi anawakilisha watu milioni 4.4 na wa Lamu takriban 144,000. Seneti yetu iliundwa kusimamia kaunti, kwa hiyo pengo hilo lina sababu yake kikatiba. Maeneobunge 290 hayana kisingizio hicho: Katiba inataka yapitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, lakini muda huo ulipita Machi 2024 wakati tume ya uchaguzi haikuwa na hata kamishna mmoja.

Kazi hiyo bado inadaiwa. Msomaji, tume itakapofika kwenu kuchukua maoni ya mipaka, usiwaachie wanasiasa kikao hicho. Nenda ukaulize kijiji chako kinapelekwa eneobunge gani na kwa nini. Na ukihama nyumba, hamisha jina lako daftarini wiki hiyo hiyo.